Magadi Kwenye Mrenda

Mara ya pili daktari wa macho alipomrudisha mama yangu nyumbani bila kumpasua, nililia pale kwenye benchi ya kliniki mbele ya watu. Haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, ile ya mtu ambaye amefanya kila alichoambiwa na bado anaangaliwa kama mtoro wa shule.

Leo naweza kusimulia nikiwa nimetulia, chai iko mkononi, kwa sababu mambo yaliisha vizuri. Wakati ule sikujua kama yataisha vizuri, na mimi nikiogopa huwa sinyamazi. Huwa natafuta mtu wa kugombana naye.

Hali ilikuwa hivi. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limefunga kabisa, na la kulia lilikuwa linaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu akipita. Daktari alituambia upasuaji wenyewe ni mfupi, mtu anaingia asubuhi na kabla ya saa saba ameshatoka. Shida ilikuwa presha. Kwa kliniki hiyo, presha ikizidi mia moja na sitini hawagusi jicho, maana linaweza kuvuja damu ndani ukapoteza hata kile kidogo ulichokuwa nacho. Mara ya kwanza mama alipimwa akapatikana na mia moja themanini na mbili. Wakampa dawa, wakasema arudi baada ya miezi miwili. Tukarudi. Mia moja na themanini. Miezi miwili ya vidonge, na imeshuka hatua mbili tu.

Na mama mwenyewe hakuwa anataka makubwa. Hakuwa anataka kusoma magazeti wala kutazama runinga. Alitaka kwenda choo peke yake. Tunaishi Rhonda, kwenye ploti yenye vyumba kumi vinavyotazamana, na choo kiko kule mwisho, ukipita kamba za nguo na mtaro wa maji machafu. Kila akitaka kwenda, lazima mtu amshike mkono. Huyu ni mwanamke aliyelea watoto sita kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, baba akiwa safarini wiki nzima, na hakuna jirani atakayesema aliwahi kumwomba hata kiberiti. Sasa alikuwa anaacha kunywa maji kuanzia saa nane mchana ili asisumbue mtu jioni. Nilipogundua hilo nilimkaripia vibaya, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikajifuta macho na leso.

Kwa hivyo mjue nilikuwa napigania nini.

Sasa mnijue na mimi. Mimi ni mpishi. Nina kibanda hapa Rhonda, napika githeri, madondo, chapati na mboga za kienyeji, na watu wanatoka hadi Kaptembwo kuja kula maharagwe yangu. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Mara ile ya kwanza daktari aliposema kwamba vidonge peke yake havitoshi na chakula lazima kibadilike, mimi niliona kazi imekuja kwa mwenyewe. Siku hiyo hiyo nilitoa chumvi yote kwa nyumba nikampa jirani. Nikatoa viungo vya paketi, majarini, biskuti, na dagaa za omena zilizokaushwa na chumvi. Mafuta nikaanza kupima kwa kijiko. Ugali nikaupika wa wimbi. Na kila siku, kila siku kabisa, mama alikula mboga za kienyeji: leo mrenda, kesho kunde, kesho kutwa managu. Nyumbani kwangu chumvi ikawa ni kitu cha kuulizia kwa sauti ya chini, kama bangi. Mjukuu akitaka yai la kuchemsha na chumvi, aende akalie nje.

Mama alilalamika. Alisema chakula kimekuwa kama karatasi, kwamba hata mgonjwa wa hospitali anakula vizuri kumliko. Baada ya wiki mbili za malalamiko aliniomba jambo moja: basi nisimnyime munyu kwenye mrenda, angalau iteleze.

Munyu ni hivi. Kwetu magharibi, bibi zetu walikuwa wanachoma maganda ya maharagwe, wanachuja majivu yake kwa maji, na yale maji ndiyo wanayopikia mboga. Inalainisha majani magumu, na mrenda inavutika vizuri. Lakini mjini maganda ya maharagwe utayatoa wapi? Watu wetu waliokuja kufanya kazi reli walikuta sokoni yale mawe meupe ya magadi yanayotoka ziwani, wakayatumia badala ya majivu, na jina likabaki lile lile la munyu. Mimi nimezaliwa landhi, sijawahi kuona majivu yakichujwa. Ninachojua ni kopo la magadi kando ya jiko, na mama akinifundisha kwamba msichana akiwapa wageni mrenda isiyovutika, hao wageni wataenda wakimsema hadi kwetu Butere.

Niliona ombi lenyewe ni dogo. Daktari alikataza chumvi. Munyu hakutaja. Nikamwekea.

Basi namba ilipokataa kushuka mara hiyo ya pili, nilijua moja kwa moja mchawi ni nani. Ndugu yangu wa kiume ana shamba dogo kule Bahati, na mama alikuwa na desturi ya kwenda kukaa nao siku kadhaa kila mwezi. Mke wake, wifi yangu, ni mtu wa kule kule, mkulima, mwenye kicheko kikubwa, na mkono wake jikoni ni mzito. Chumvi hapimi kwa kijiko, anachota kwa vidole. Mimi nimemwona kwa macho yangu, na kwa mtu wa hasira kama mimi huo ni ushahidi wa kutosha.

Nilimpigia simu nikiwa bado kwa lango la kliniki, mama ameshikilia mkono wangu na anasikia kila neno. Sitayarudia yote. Nilimwambia kwamba kuna watu wanaua mama za wengine polepole huku wakicheka. Nilimwambia kwamba mimi huku najinyima kila kitu na yeye anabomoa kwa siku tatu ninachojenga kwa mwezi. Yeye hakupaza sauti. Aliniuliza kitu kimoja tu.

“Umeniona nikimpa?”

Nikamwambia sihitaji kuona, namba imeona. Nikakata simu. Ndugu yangu alipopiga baadaye, na yeye akapata yake. Nikatangaza kwamba mama hatakanyaga Bahati mpaka apasuliwe.

Mama hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu, akiwa amekaa mlangoni ananichambulia kunde kwa kupapasa, akasema kwamba kule Bahati alikuwa anakula zaidi viazi na kabichi na uji. Akasema wifi yangu alikuwa anamtolea chake kando kabla hajatia chumvi. Nikamwitikia hewala, mama, huku moyoni nikisema mzee anamfichia mkaza mwana wake. Watu wazima wakipendwa na mtu huwa hawamsemi.

Wiki sita alikula mkono wangu peke yake. Hakuna Bahati, hakuna harusi, hakuna chai ya kanisani. Vidonge nilikuwa nampa mwenyewe na kumwangalia akimeza. Jumatatu ya kurudi kliniki nilivaa nguo ya Jumapili. Nilikuwa naenda kuonyesha watu.

Nesi alimpima. Akamwambia apumzike, apumue, asiongee. Akampima mkono wa pili. Mia moja tisini na nne.

Sikuelewa. Nilifikiri mashine imeharibika, na nikasema hivyo, na nesi akajipima mwenyewe mbele yangu ili nione kwamba ni nzima. Wakamwita daktari haraka. Daktari alitaka kujua kama anameza dawa kweli, nikatoa paketi kwa kipochi na kumwonyesha kila tundu lililotobolewa. Akamwongezea kidonge kingine, akamlaza kitandani hadi ishuke kidogo. Halafu akanitoa nje ya pazia akaniambia ukweli, na alinisemesha kwa heshima, jambo lililoniogopesha zaidi.

“Mama, hilo jicho la kushoto limeiva kupita kiasi. Likipasuka ndani kabla hatujalitoa, hata tukifanya upasuaji hataona nalo tena. Daktari wa upasuaji anarudi baada ya miezi miwili. Hiyo ndiyo nafasi tuliyo nayo.”

Akatuandikia karatasi ya kwenda kwa mtaalamu wa lishe, yule ambaye wagonjwa pale wanamwita daktari wa chakula. Mimi nilikasirika tena. Mimi, watu wanatoka Kaptembwo, nikafundishwe kupika?

Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chenye picha ya sahani ukutani. Yeye alikuwa kijana mrefu, mpole, mtu wa upande wa milima kule wanakofuga ng'ombe, ungesikia kwa lafudhi yake. Alimsalimia mama kwanza, akamwita shosho, kama bibi yake, akamuuliza alivyoamka. Halafu akaniuliza mimi mama amekula nini jana tangu asubuhi. Nikamjibu kwa kujivuna: uji wa wimbi bila sukari, viazi vitamu, ugali wa wimbi na mrenda, chungwa. Akaandika. Akasema ni chakula kizuri sana. Nikamwangalia mama kana kwamba anaweza kuniona, ili aone nilivyosifiwa.

Akachukua kadi ya mama, ile yenye namba za presha tangu mwanzo, akaipitishia kidole polepole. Kidole kikasimama kwa namba moja. Kumbe mwezi wa nane, katikati ya ile miezi miwili ya kwanza, kwenye kliniki ya kawaida, mama alikuwa ameshuka hadi mia moja hamsini na sita. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Akaniuliza wakati huo mama alikuwa wapi.

Alikuwa Bahati. Wiki tatu, ndugu yangu alikuwa anavuna mahindi akaomba mama akae na watoto. Nilipoona ile namba wakati huo nilisema ni hewa ya kule, hewa safi.

“Na hizi wiki sita za mwisho, alikuwa wapi?”

Kwangu. Nilisema kwangu, na sauti yangu nikaisikia imekuwa ndogo.

Kijana hakunicheka. Aliniambia nimweleze ninavyopika mrenda, hatua kwa hatua, kama ninafundisha mtu ambaye hajawahi kushika mwiko. Hiyo ni kazi ninayoiweza. Nikamwambia unachemsha maji, unatia munyu, ukiona povu inapanda unatia majani. Akainua kalamu. Akauliza munyu ni nini. Nikamwambia ni magadi. Akauliza kiasi gani. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi joto shingoni, kwa sababu nilijua jibu na nilijua halitapendeza. Zamani nilikuwa naweka kajiwe kadogo kama ukucha. Lakini tangu mama akatazwe chumvi nilikuwa naweka mawili, wakati mwingine matatu, nikimwonea huruma mzee amenyimwa ladha yote. Na kwenye kunde pia. Na kwenye maharagwe yake, ili yaive laini asisumbuke kutafuna.

“Lakini hiyo si chumvi,” nikamwambia.

Aliweka kalamu chini.

“Kwetu hiyo tunawapa ng'ombe walambe, mama. Unajua kwa nini ng'ombe wanaipenda? Ng'ombe anatafuta chumvi.”

Akanieleza bila haraka. Kinachopandisha presha kwenye chumvi ya duka kiko tele ndani ya magadi, ni vile tu ulimi hauisikii kama chumvi. Kinavuta maji mwilini, maji yanajaza mishipa, mishipa inasukuma, na vidonge vinafanya kazi ya kuchota maji kwa ndoo huku mfereji umefunguliwa. Akasema tena kwamba magadi inaua baadhi ya vitamini za mboga kabla hazijafika kwa sahani. Nikamuuliza kuhusu majivu ya zamani, ya bibi zetu. Akasema hayo ni kitu tofauti, lakini mama asianze kuyatumia mpaka wapime figo, kwa sababu figo zikiwa dhaifu hayo nayo yana hatari yake. Na dawa, akasema, asiache hata siku moja kwa kufikiria chakula kimemponya.

Nilikuwa namsikia na simsikii. Nilikuwa namuona wifi yangu kwa jikoni yake ya moshi akimtolea mama yangu viazi kando kabla ya kutia chumvi. Haki ya Mungu, nilitamani sakafu ifunguke.

Mama alianza kucheka, polepole, mabega yakitikisika, hadi kijana naye akaanza kutabasamu bila kujua ni kwa nini. Mama akaniambia kwa Kiluhya, na mimi nakitafsiri hapa, kwamba tusilaumiane, yeye ndiye aliyenifundisha na yeye ndiye aliyeomba. Halafu akaacha kucheka akasema kwa Kiswahili, kijana asikie:

“Lakini kwa wifi yako utaenda wewe. Mimi siendi kukuombea.”

Nilienda Jumamosi. Sikupiga simu kwanza kwa sababu nilijua nikipiga nitajitetea. Nilibeba unga wa wimbi na sabuni ya kipande, nikafika wifi yangu akiwa shambani anapalilia vitunguu. Aliniona kutoka mbali, akaendelea kupalilia. Nikasimama kwa mstari wa mwisho wa vitunguu kama mtoto aliyetumwa na mwalimu. Alipofika mwisho wa mstari akanyoosha mgongo akaniuliza mama anaendelea aje. Nikamwambia yote. Nikamwambia ya kadi, ya mwezi wa nane, ya mawe mawili, matatu. Nikamwambia nilimkosea, na kwamba nilimkosea kwa sauti, mbele ya mama na hadi kwa mumewe, kwa hiyo nitayasema haya tena mumewe akirudi.

Wifi yangu si mtu wa kusamehe haraka haraka kwa sababu umelia, na nilimheshimu kwa hilo.

“Mimi nilikuwa naogopa kumpa hata kachumbari,” akasema. “Wewe ukanipigia simu ukaniita muuaji.”

Nikainama nikashika jembe la pili lililokuwa pale, tukapalilia vitunguu hadi jua likawa kichwani. Saa sita akaniambia tukale. Alinipa viazi, kabichi na maharagwe aliyopika kwa kuni tangu asubuhi, na kabla hajatia chumvi akanitolea yangu kando, akaniwekea mbele, akaniangalia usoni. Nikala. Yalikuwa matamu, na nikamwambia. Hapo ndipo akacheka kile kicheko chake, na nikajua tutapona.

Kazi ilianza Jumatatu. Kopo la magadi nililipeleka kwa ndugu yangu mwenyewe awape ng'ombe. Mrenda bila magadi, niseme ukweli, siku za kwanza ilikuwa aibu. Mama aliitia mdomoni akaniuliza kama nimempikia nyasi za uwanja. Nikajifunza kuchuma majani machanga tu, kuchanganya na kunde changa, kuchemsha maji kidogo na kufunika muda mfupi, kisha kumalizia na maziwa na njugu za kusaga zisizo na chumvi. Nikajifunza ndimu. Nikajifunza kwamba dania na kitunguu saumu vinaweza kudanganya ulimi kwa muda mrefu. Siku moja, wiki ya tatu hivi, mama alimaliza sahani, akapapasa meza akitafuta sufuria. Hakusema ni tamu. Aliomba aongezewe.

Hata kibandani nilibadilisha. Yale maharagwe yangu ya kusifiwa, siri ilikuwa magadi, nayo ilikuwa siri ya kuokoa makaa: yanaiva nusu ya muda. Sasa nayaloweka kutoka jana yake na kuyachemsha kwa subira. Siku ya kwanza yalichelewa, fundi mmoja wa gereji akalalamika kwamba mathe, yaani mimi, ameanza kuringa. Nikamwambia angoje au aende akanywe soda. Alingoja. Chumvi sikuiondoa kwao, lakini niliipunguzia mkono, na hakuna aliyekufa kwa kukosa ladha.

Namba ikaanza kushuka. Si kwa muujiza, kwa ukaidi. Wiki ya pili mia moja themanini na kitu. Wiki ya nne mia moja sabini na moja, na nilimkumbatia nesi akaniambia nimwachie mkono anaandika. Mama mwenyewe akaanza kusema kichwa hakimgongi asubuhi, na kwamba miguu haijai maji jioni. Daktari wa chakula akamuuliza kama anakunywa maji ya kutosha. Nilifikiri atadanganya. Akamjibu kwamba anakunywa, kwa sababu binti yake ameanza kumpeleka choo bila kumkaripia. Hilo lilinichoma, na lilikuwa kweli.

Wiki ya kabla ya upasuaji wifi yangu alimchukua mama akakae Bahati. Mimi ndiye niliyeomba. Nilimwambia sijiamini, kwamba nikikaa naye kwa uoga huu nitampandisha presha kwa maneno peke yake. Akasema hilo hata yeye alikuwa ameliona.

Asubuhi ya upasuaji wakaja naye wawili, ndugu yangu na mkewe, mama akiwa katikati na kitambaa kipya kichwani. Nesi akamfunga ule mkanda mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama kwa mlango nimeupa mgongo, siwezi kutazama. Nikasikia mashine inavuta hewa, inaachilia. Nikasikia nesi anasema mia moja arobaini na nane, na anasema ingia ndani shosho, badilisha nguo.

Wifi yangu alinishika kiunoni. Tulikaa kwa benchi ile ile ambayo nililia mara ya pili, na safari hii nililia tena, lakini mnajua kuna kilio cha kushusha mzigo. Kinakuacha na njaa. Alitoa viazi vya kuchemsha kwenye mkoba tukavila pale pale, tukipanguza machozi na vidole vya viazi, na mlinzi akatuangalia akadhani tumefiwa. Kabla ya saa saba mama alitoka akiwa na pamba na plasta kwenye jicho la kushoto, anauliza kama tumemwekea.

Kesho yake tulirudi ili plasta itolewe. Nesi alikuwa yule yule. Aliiondoa polepole, akapangusa jicho, akamwambia afungue akiwa tayari. Mama alikaa kidogo. Akafungua, akapepesa, machozi yakatiririka upande mmoja. Nesi akainua vidole vitatu, mama akasema vitatu. Akainua kimoja, mama akasema kimoja. Akaangalia dirisha. Akamwangalia wifi yangu kuanzia kichwani hadi kwa viatu, akamwambia amenenepa vizuri. Halafu akanigeukia mimi.

Aliniangalia muda mrefu sana. Nilikuwa natarajia asante, au sala. Akanyoosha mkono akashika nywele zangu hapa mbele, pale zinapotokea kwenye kilemba.

“Hizi mvi zimeingia lini?”

Nikamwambia zimekuwepo. Nikamwambia ni miaka karibu mitatu hajaniona. Akasema hakuna mtu aliyemwambia. Akashika shavu langu, akaligeuza upande mmoja, akaligeuza upande wa pili, vile anavyochagua nyanya sokoni. Mama yangu alikuwa ameniacha mwanamke wa makamo mwenye nywele nyeusi, na sasa alikuwa ananikuta naelekea uzee. Niliona uso wake unafikiri. Sikujua anafikiri nini hadi aliposema na nesi, wala si mimi.

“Huyu pia amekula magadi yangu tangu azaliwe. Mpimeni.”

Nilianza kukataa. Nilisema leo si siku yangu, nilisema kuna foleni. Nesi akacheka akavuta kiti. Nikakaa, nikakunja mkono wa sweta, na moyo ukaanza kunidunda kwa sababu nilielewa ghafla kwamba katika mwaka wote huo wa kupigania namba za mama sikuwahi kuuliza yangu. Mkanda ukabana, ukaachilia. Nesi akainama asome. Mama akamzuia kwa mkono.

“Ngoja. Nisome mimi.”

Akasogeza kiti, akainamisha uso wake hadi karibu na ile mashine, jicho moja likiwa limefumba na lile jipya likiwa wazi, jekundu, linatoa machozi. Alisoma tarakimu moja moja, kwa kidole, kama anavyosoma mtu ambaye amekaa muda mrefu bila kusoma. Moja. Tatu. Nne. Akaniangalia, akaiangalia tena. Akamuuliza nesi kama hiyo ni mbaya. Nesi akasema si mbaya, iko karibu na mpaka, kwamba nimeanza kujiangalia kwa wakati mzuri na nirudi baada ya mwezi.

Mama akaegemea nyuma, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu nikae kwenye kile kiti. Akaniambia nishushe mkono wa sweta, kuna baridi. Akasema mwezi ujao tutakuja pamoja, na ataisoma yeye.